Fezanti na njiwa si uwindaji mmoja

Mhariri,

Kijiweni kwetu Mbagala wanasema uwindaji wa ndege Uingereza ni starehe ya matajiri tu. Nilifanya kazi shambani huko kabla ya kurudi Dar, na nakataa.

Kwa fezanti, ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, sawa. Hulelewa kwa mamilioni na kuachiwa majira ya joto. Msimu ukifika, Oktoba 1 hadi Februari 1, waswagaji na mbwa huwarusha kutoka vichakani wapite juu ya wapiga bunduki waliopangwa mstari. Mpigaji kaletewa ndege mlangoni.

Njiwa wa porini hutafutwa. Kwanza unachunguza wanakotua na njia wanayopitia. Kisha unajificha nyuma ya wavu kwenye ua wa miti, unapanga njiwa wa bandia wakielekea upepo unakotoka, na kuacha uwazi katikati ili wenzao washawishike kutua. Ukiinua uso mapema, wamegeuka! Tena njiwa hao hufyeka njegere za mkulima. Mimi nimekulia Rufiji nikiamia ndege kwenye mpunga. Hasara hiyo naijua, na mwenye kuizuia namheshimu. Wa fezanti simheshimu hivyo, hata kama nyama inaliwa.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam