Msikimbilie kuzima seva kabla ya kusoma logi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, maana huu ushauri wa "zima halafu washa" kila seva ikigoma mimi unaniuma sana, kuna tatizo moja la keneli (kiini cha mfumo endeshi) ambalo ukishazima tu ushahidi unaweza kupotea.

Iko hivi. Kwenye keneli ya Linux kila kifaa cha mtandao kina kaunta ya wanaokitumia, yaani vipande vya programu, ukikichukua unaita dev_hold inapanda, ukimaliza unaita dev_put inashuka, na hakifutwi mpaka wote wameachia. Sasa asahau mmoja tu, siku ya kukifuta logi (kumbukumbu za matukio ya mashine) zinaanza kulalamika kila baada ya sekunde 10 kwamba kifaa bado kinasubiriwa, na kaunta itabaki pale pale hata ukeshe. Akiachia mara mbili ndo balaa zaidi, memori inarudishwa huku mwingine bado anaisoma, mashine inaanguka sehemu isiyomhusu kabisa mkosaji.

Mimi nilihangaika siku 3 na kaunta kama hiyo. Nilisoma kila mahali kifaa kinapofungwa sikuona kitu, kumbe fankisheni moja inachukua kifaa, inaomba memori, ikinyimwa inarudi zake hapo hapo bila kuachia. Return moja tu katikati! Na memori huwa hainyimwi mara kwa mara, ndo maana majaribio yote yalipita, mpaka nilipoifanya inyimwe kwa makusudi.

Shida ni kwamba kaunta inakwambia wangapi, haisemi nani. Linux 4.11 ya mwaka 2017 ilileta refcount_t, aina mpya ya kaunta, ambayo ikijaa inaganda badala ya kurudi sifuri, nzuri sana kwa usalama, ila bado haimtaji mtu. Kuanzia 5.17 ya 2022 ndo kuna ref_tracker, kila anayechukua anaandikwa pamoja na njia aliyopitia, akirudisha anafutwa, kwa hiyo anayebaki kwenye orodha unamwona.

Wenzangu mnaoandika draiva (programu za kuendesha vifaa), tumieni netdev_hold na netdev_put ili hiyo orodha ifanye kazi, na muiwashe kwenye mashine za majaribio maana inakula memori. Na nyie wasimamizi wa seva, kabla hujagusa swichi nakili kwanza logi nzima na toleo la keneli, umpelekee anayeweza kuzisoma.

Msomaji wenu