Barua kwa mwanangu: ondoa mkono mdomoni

Usa River

Mwanangu,

Dada yako kanionyesha picha mliyopiga na wafanyakazi wenzako hapo hotelini Moshi. Sare imekukaa, nimejisifu kwa majirani. Ila wenzako wote wanacheka, wewe umeziba mdomo kwa kiganja, kuficha meno yako ya kahawia. Mapokezi usifanye hivyo, nakuomba.

Mgeni akiingia na begi lake, kabla hujamwambia karibu ameshasoma uso wako: nimefika pazuri au nasumbua? Ukiziba mdomo anaona macho tu, na anaweza kudhani unamcheka. Marekani, watafiti waliwachunguza wachezaji wanaoangusha pini kwa tufe, matokeo yakatoka 1979. Aliyepiga vizuri alitabasamu mara chache akiwa bado anatazama pini. Alipowageukia wenzake ndipo uso ulipokunjuka. Tabasamu linataka mtu wa kulipokea, wewe unamfichia.

Usilibandike ghafla pia. Mtazame mgeni kwanza, lije polepole, liondoke polepole. Linalowaka na kuzima papo hapo watu hulitilia shaka. Duchenne, daktari Mfaransa, aliandika mwaka 1862 kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo tunauamuru, lakini ule wa kuzunguka jicho huitikia furaha ya kweli. Kwenye simu tabasamu vilevile: midomo ikitanuka sauti hupanda kidogo, na anayesikiliza huitambua. Mgeni akilalamika kwamba maji ya moto hayatoki, hapo funga midomo, sikiliza, tabasamu lisubiri fundi apatikane. Nimesema midomo. Mkono ubaki mezani.

Nasikia unasugua meno kwa mkaa na ndimu. Acha! Rangi ile iliingia jino likiwa bado linajengeka, kwa floridi, yale madini yaliyozidi kwenye maji yetu. Unachokwangua ni gamba la juu, na halioti tena. Muulize daktari wa meno, yapo ya kufanya, lakini usikope kwa ajili hiyo.

Mdogo wako ana miaka minne, meno yake ya ukubwani ndiyo yanajengeka sasa, kwa hiyo anakunywa maji ya mvua tu. Bibi bado anasema tuchemshe ya kisima. Kuchemsha hakutoi floridi, maji yanapungua yenyewe inabaki. Magadi nayo yana floridi, makande naloweka usiku kucha na kupika bila magadi. Baba yako ananung'unika, anamaliza sahani. Mkaa wa mifupa unaonasa floridi kwenye chujio umechoka, nasubiri mwingine.

Ukija mwisho wa mwezi rudisha yale madumu mawili, na vifuniko vyake.

Mama