Kwa mdogo wangu wa maabara: kipande cha mguu wa ami

Mdogo wangu,

Assalam alaykum. Siku ile ya Idi ulipokuja Lamu tulikaa barazani baada ya chakula, ukatueleza kazi yako ya maabara huko Malindi. Ukasema damu ikishapimwa, inayobaki kwenye chupa huwekwa kwenye friza, na watafiti wakiihitaji hupewa bila majina. Nikakuuliza kama wenyewe huwa wanajua. Ukajibu, "Kaka, hayo ni mabaki. Yangemwagwa tu." Nilinyamaza kwa sababu ami alikuwa pale na magongo yake, na niliona alivyokutazama. Nakujibu leo, tena hadharani, maana neno lile hulisemi peke yako.

Wewe ulikuwa chuoni ami alipokatwa mguu kwa ajili ya sukari. Mimi ndiye niliyekwenda kuupokea. Tuliufunga kwa bafta nyeupe, tukautia kwenye sanduku la barafu la jirani yetu mvuvi, lililosuguliwa kwa sabuni mara tatu na bado likanuka nguru. Nililipakata ndani ya basi kutoka Malindi hadi Mokowe, kisha nikaingia nalo botini. Nahodha aliniuliza nimebeba nini. Nilipomwambia hakusema neno, ila aliipunguza mashine, akatuvusha polepole hadi gatini boti isirukeruke.

Mguu wa mtu aliye hai hauswaliwi, lakini hautupwi. Tuliuosha nyumbani kabla ya kwenda kuuzika, na hapo ndipo nilipoona: kwenye shavu la mguu palikuwa na shimo la mraba, upana wa vidole viwili, kingo zake zimenyooka. Donda halikati hivyo. Nikapiga simu hospitali. Aliyepokea akaniambia, "Hicho kilikwenda kupimwa," akakata. Tukauzika mguu bila kipande kile, na ami huniuliza mpaka leo kilikwenda wapi.

Utafiti nautaka, tena sana. Mwaka 2020, korona ilipotuingilia, watafiti wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa tiba cha hapo Kilifi, walipima mabaki ya damu ya wachangiaji, sampuli zaidi ya 3,000, wakitafuta dalili za kinga dhidi ya kirusi kile. Walikadiria kwamba kiasi cha asilimia 4.3 ya watu nchini walikuwa wameshaambukizwa, na Mombasa ikafika asilimia 8, wakati waliotangazwa rasmi walikuwa elfu chache tu. Bila damu iliyokuwa imeshatolewa, jambo hilo lisingejulikana upesi vile. Kwa hiyo najua chupa zile kwenye friza yako zina faida gani.

Lakini najua pia habari ya Wahavasupai, wenyeji wa asili wa Arizona huko Marekani. Ugonjwa wao ni huu huu wa ami. Kuanzia mwaka 1990 walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu, kwa kuwa sukari ilikuwa inawamaliza. Baadaye wakagundua kwamba damu ileile ilitumiwa kuchunguza maradhi ya akili, kuoana kwa ndugu, na hata asili ya mababu zao, mambo ambayo wao wanasema hawakuyakubali kamwe. Walishitaki. Mwaka 2010 chuo kiliwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Fikiria kidogo: walidai fedha, na walidai damu pia. Mtu wa Lamu aliyebeba mguu kwenye sanduku la samaki haoni ajabu katika hilo.

Ulisema majina yanafutwa. Kwa jiji kubwa labda. Andika "mwanamume wa miaka 67, mtaa wa Langoni, sukari, amekatwa mguu wa kushoto", kisha uniambie nani hapa kisiwani hatajua ni ami yetu. Na chembe za uhai, yaani seli, zina ukoo. Seli za Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani aliyeugua saratani, zilizochukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila yeye kuulizwa, zimesaidia dunia nzima, hadi chanjo ya polio. Lakini mwaka 2013 wanasayansi walipotangaza ramani ya jeni zake, walioanikwa pamoja naye ni wanawe na wajukuu zake, nao hawakuwa wameombwa ruhusa. Damu ya ami ikisomwa hivyo, mimi na wewe tumo.

Najua foleni yenu ni ndefu. Lakini yule mgonjwa ameshakaa kitini, mkono umeshafungwa mpira, na wewe unapapasa mshipa. Hapo hapo mwambie, kwa Kiswahili au kwa Kigiriama: damu yako itakayobaki, turuhusu tuitumie kwa utafiti? Akisema hapana, weka alama kwenye chupa na umtibu vilevile. Kwa sampuli za zamani ambazo wenyewe hawapatikani tena, naiachia kamati ya maadili, ilimradi humo akae mtu wa mtaani anayejua kwetu kucha na nywele huzikwa.

Na utafiti ukiisha, rudini mseme mlichokiona. Hili naliona zito kuliko hata fomu ya ridhaa. Watu wetu hutoa, wakaondoka, wasisikie tena.

Nilimuuliza ami juzi, wakati namfunga bendeji, kama angekataa lau wangemwomba kile kipande. Alicheka. "Ningewapa mguu mzima," akasema. "Mimi ningeufanyia nini?" Kisha akanyamaza, akauliza tena kilionyesha nini.

Nimesikia nyama kama ile hugandishwa kwenye nta na kuwekwa miaka. Namba ya faili lake ninayo, nitakutumia kwa simu. Ami hadai kirudishwe. Tafadhali tafuta kama bado kipo, uulize walipima nini, na ukija Maulidi umweleze mwenyewe.

Kaka yako,
Lamu