Barua kwa mwanangu anayetaka kuikimbia hesabu

Newala, mwezi wa kumi

Mwanangu,

Salamu kwanza. Sisi ni wazima. Bibi yako anaendelea na ule mguu, leo ametoka mwenyewe hadi barazani. Nimeona niandike, maana kwenye simu unaitikia "sawa mama" kabla sijamaliza ninalosema, halafu salio linakwisha.

Dada yako ameniambia unataka kuihama kozi ya uchumi. Kwamba ile sapu, mtihani wa marudio wa hesabu, umeivuka kwa tabu, mwaka wa pili hesabu zinazidi, na wenzako wamekuonyesha kozi nyepesi ya kwenda. Sikupenda kulipata hilo kwa dada yako. Hata habari ya sapu yenyewe niliipata stendi, kwa mama wa mwenzako, nikaitikia kama niliyekuwa najua. Baba, mambo ya kwako niyasikie stendi?

Ninachouliza ni kimoja. Umeshakwenda kwa mwalimu wa hesabu? Sisemi wenzako wa chumbani. Nasema mwalimu, ofisini kwake, na daftari lako mkononi, umwambie hapa ndipo ninapopotea.

Najua utasema darasa lina mamia ya watu na profesa hamjui mtu. Sawa. Lakini uliniambia mwenyewe wapo walimu wasaidizi wanaoendesha semina. Hao nao ni vijana, juzi tu walikuwa wanakaa hapo unapokaa. Nenda kwa hao.

Na usijiite mjinga, kama ulivyomwambia dada yako. Umetoka HGE, historia, jiografia na uchumi. Wale wanaojibu haraka darasani wengi wametoka EGM, uchumi, jiografia na hesabu, wamekaa na hesabu kidato cha tano na cha sita. Wewe ulikuwa na BAM tu, zile hesabu za msingi, na mwalimu wa BAM alihama, hakuletwa mwingine mpaka mtihani unakaribia. Pesa ya tuisheni ilikuwepo mwaka ule, ikaingia kwenye bati la nyumba. Ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo kuna vitu wenzako walifundishwa na wewe hukufundishwa, na vitu hivyo vinafundishika hata sasa. Ukivifuata.

Dada yako anasema una hoja nyingine, kwamba waliosoma uchumi hawana ajira. Sitabisha kwa kelele. Nawaona wenye digrii waliorudi hapa Newala, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wamefungua vibanda vya kutuma pesa. Lakini hiyo kozi nyepesi itakupa nini kwenye usaili? Watu mia wakiitwa kugombea nafasi moja ya mchumi wa halmashauri, wote watakuwa na maneno. Atakayekaa mbele ya kompyuta na kuonyesha takwimu zinasema nini ni mmoja au wawili. Marehemu Profesa Benno Ndulu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu tangu 2008 hadi 2018, alifundisha uchumi hapohapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Simtaji ili uwe gavana. Namtaja ujue umekaa kwenye idara gani.

Sasa nikwambie kwa nini jambo hili linaninyima usingizi, maana unaweza kudhani ni sifa tu ninazitaka.

Wazee wetu hapa wanagombana tangu sijaolewa: ni nini kiliua korosho? Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 hivi. Miaka ya themanini katikati ikawa haifiki hata tani elfu ishirini. Babu yako alisema ni Operesheni Vijiji, watu walihamishwa, mikorosho ikabaki mbali, msitu ukaimeza. Mzee jirani anasema hapana, ni ugonjwa wa ubwiri unga, maua yalikauka mbele ya macho yake na dawa ya salfa ilikuwa haijafika. Mjomba wako anasema ni bei. Serikali ilikuwa mnunuzi peke yake na ilitoa kidogo, mtu akaona heri alime muhogo wa kula. Kila mmoja ana ushahidi wake na kila mmoja anasema kweli yake.

Halafu miaka ya tisini korosho zikarudi. Watu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele walishaonyesha jinsi ya kutumia salfa, na kipindi hichohicho wafanyabiashara binafsi wakaruhusiwa kununua. Mambo mawili yamekuja pamoja. Lipi lilizirudisha? Kwa kiasi gani? Nimekaa kwenye mikutano ya chama chetu cha ushirika miaka mingi, nimemsikia kila anayejua kusema, na sijamsikia aliyelijibu hilo. Wewe ndiye uliyeniambia, likizo ile, kwamba ipo namna ya kukokotoa ili sababu moja itenganishwe na nyingine, inaitwa ekonometriki. Ulisema kwa furaha kabisa. Sasa ndiyo unayoikimbia?

Chukua na kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo na kumlipa mkulima kidogo kabla hajavuna. Mwaka huu pia walipita mwezi wa saba, kwa pikipiki, usiku. Tuseme mtu anachukua shilingi 1,000 kwa kilo mwezi wa saba, na mwezi wa kumi na moja mnada unasoma 3,000. Katika miezi minne amelipa 2,000 juu ya 1,000 aliyopewa. Hiyo ni riba ya asilimia 200, wala mwaka haujaisha. Mwenyekiti akisimama anasema wakulima ni wajinga. Mimi ndiye ninayekaa kwenye mizani na kuwaandikia stakabadhi, nawafahamu kwa majina, hawana ujinga wowote. Mwezi wa saba ndipo mtu anapotakiwa kupuliza dawa, kibarua wa palizi anadai, na ana mgonjwa amelazwa. Shilingi 1,000 ya siku ile, kwake, ina uzito ambao hiyo 3,000 ya mwezi wa kumi na moja haina.

Basi nikajiuliza: chama kingekopesha kiasi gani, kwa riba ipi, ili mtu huyu aepukane na kangomba na chama nacho kisife? Maana wapo watakaoshindwa kulipa, na bei ya mnada hakuna anayeijua mapema. Ya mwaka 2018, serikali ilipoleta wanajeshi kubeba korosho na kutangaza ile bei ya 3,300 kwa kilo, hayo unayajua. Nimelijaribu swali hilo kwenye daftari la ofisi, jumlisha, toa, asilimia. Nimekwama. Bei ikibadilika kila kitu kinabadilika nayo, na elimu yangu inaishia hapo. Wataalamu wanaokuja na magari wanatupa hotuba nzuri na soda, wanaondoka. Nataka siku moja aje mtu aliyeokota korosho kwa mkono wake na anayejua hesabu hiyo.

Kwa hiyo nakuuliza tena, umekwenda kwa mwalimu?

Sikukatazi kabisa. Ukienda, ukakaa naye, ukafanya mazoezi ya muhula mzima bila kudanganya, na bado ikashindikana, njoo tuzungumze na nitakusikiliza. Lakini kuhama kabla hata hujagonga mlango wa mtu, hilo silikubali. Mjomba wako hajaambiwa. Nauli yako na lile godoro ni yeye aliyetoa, na kwenye kila msiba anasema "mwana wa dada yangu yuko Mlimani." Sijamwambia na sitamwambia mpaka nipate jibu lako.

Bumu likitoka, ile pesa ya mkopo wa kujikimu, usilimalize wiki mbili za kwanza. Nunua kwanza kile kitabu cha hesabu ulichosema mnagombania nakala, au toa kopi. Maktaba kubwa kama ile mnayo, waingiao humo wengine wanakwenda kulala kwenye feni. Simu hiyo mpya sijaiuliza umeinunua kwa pesa gani, nami sitauliza leo.

Kula. Dada yako anasema umekonda. Ugali na maharage mara moja kwa siku halafu usiku kucha na vitabu, kichwa kitashika nini? Na kama chumba cha Hosteli za Magufuli umekipata, usilaze mtu ambaye hakuandikishwa, utakuja kupata kesi isiyo yako.

Huku tumeanza kupokea. Korosho za mwanzo ni nzuri, ila magunia yamechelewa, watu wanazipanga foleni kwenye ndoo na viroba, na kila anayefika ananiuliza mimi kana kwamba ndiye ninayeyashona. Shamba la chini tumeshafyeka, la juu bado. Mdogo wako ana mtihani wa kidato cha pili mwezi ujao. Hesabu zinamsumbua naye, mpigie Jumapili umwelekeze zile za mafumbo, ukimfundisha utajifundisha na wewe. Tangi la maji ya mvua linavuja chini kwenye koki, fundi anataka elfu thelathini, nimemwambia asubiri malipo ya mnada wa kwanza. Mvua ikija kabla yake tutanunua maji ya dumu kama wengine.

Nimefunga mzigo, utafika Mbagala kesho kutwa kwa basi la asubuhi. Kondakta ana namba yako, uwahi, usimfanye akupigie mara tatu. Mna korosho nilizobangua mwenyewe, mbaazi, unga wa muhogo kilo tano, na shati la mjomba wako ambalo halimtoshi tena. Korosho ziweke kwenye kopo lenye kifuniko. Usiwauzie wenzako kwa bei ya kutupa. Mmoja akitaka nyingi mwambie aniagize, nitamfungia kwa kilo.

Mama yako