Mawazo mapya ya sera yanahitajika

Mhariri,

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa mwaka 2025, inalenga uchumi wa dola trilioni moja. Hapa Dar es Salaam tunazo taasisi za utafiti wa sera kama REPOA na ESRF, zilizoanza miaka ya 1990 nchi ilipokuwa ikiachana na uchumi uliohodhiwa na serikali. Kazi yao kuhusu umaskini naiheshimu sana.

Lakini maswali yamebadilika. Bonde la Msimbazi linafurika, barabara ya Jangwani inafungwa, na bado ushauri tunaousikia ni uleule: kujenga uwezo, kushirikisha wadau, kuboresha mazingira. Mama lishe anayehamishwa kila mara anahitaji mtafiti atakayesema bila kuuma maneno njia ipi ijaribiwe, kwa gharama gani, na nani ataumia. Ripoti nyingi, tena za Kiingereza, huishia kwenye semina za hotelini. Ziandikwe kwa Kiswahili, ziwafikie madiwani kabla bajeti haijapitishwa, na vijana wa vyuo waruhusiwe kuzipinga hadharani.

Fedha nazo zitoke hapahapa. Anayelipia utafiti ndiye anayechagua swali, na kwa muda mrefu mno mlipaji amekuwa mfadhili wa nje.

Msomaji wako,
Sinza, Dar es Salaam