Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya kutazama anga hapa Bern,

Ya kawaida mnayajua: vikao 9, kutazama Mwezi ukipatwa tarehe 7 Septemba, na darasa moja la watoto. Waliolipa ada ni 17 kati ya 38. Zimeingia faranga 510, zimetoka 460, na 420 kati ya hizo ndizo zilizoleta maneno.

Zilitumika kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe Paul Wild, mwanaastronomia wa Uswisi: ukumbi, picha na basi la kwenda Zimmerwald, kwenye kituo cha kutazama anga alikofanyia kazi. Kamati ndiyo iliyopitisha, lakini hoja niliipeleka mimi na siikani. Wapo waliotaka fedha hizo zianzishe mfuko wa darubini. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzangu, mtu wa kuokota mawe angani anatuhusu nini?

Anatuhusu. Sisi ni wakazi wa Bern, na kazi yake kubwa ilifanyika hapa jirani. Wild alisaka supanova, yaani nyota zinazolipuka, kwanza California, chini ya mwanaastronomia Fritz Zwicky, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliporudi Uswisi aliendelea kupiga picha za galaksi zile zile kwenye vioo vya picha, miaka nenda miaka rudi, akilinganisha kioo kipya na cha zamani. Nukta ngeni ndani ya galaksi huenda ni nyota iliyolipuka mbali mno. Nukta inayohama ni kitu cha karibu, kinacholizunguka Jua. Ndiyo maana mtego wa supanova ulinasa na asteroidi, yaani mawe yanayolizunguka Jua: supanova zaidi ya 40, asteroidi zaidi ya 90, na nyotamkia kadhaa juu yake. Nyotamkia ya Januari 1978, Wild 2, ilifikiwa na chombo cha anga cha Stardust mwaka 2004, na vumbi lake likafika duniani 2006. Asteroidi namba 1775 aliiita Zimmerwald. Namba 1803 ina jina la Zwicky. Darubini tutanunua, lakini nilitaka kwanza tuone anachopata mtu anayekubali kukesha nayo.

Kilichoniuma ni viti. Basi la watu 20 lilibeba 8. Nilimpigia simu kila mwanachama, wengine mara mbili. Waliopinga safari kwa sauti kubwa hawakuja, na ada zao bado.

Mwakani, Mungu akijalia, mfuko wa darubini utaanza, na huenda tukapata usiku mmoja wa kutazama anga nje ya mji. Leo mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.