Shukrani kwa mama aliyeshuka Chavakali

Mama uliyepanda matatu yetu pale Kondele Jumamosi jioni, kikapu cha omena mapajani, sikukuuliza jina. Nakushukuru hapa.

Yule kijana kando yangu ni mwanangu wa miaka 14. Ana usonji (autism), na pia ana tiki za ugonjwa wa Tourette, yaani miondoko na sauti zinazomtoka bila kutaka. Kule kupepesa macho, kutupa shingo na kutoa sauti, "hap! hap!", si utundu wala pepo. Anaweza kuzizuia kidogo, kama mtu anavyobana chafya, lakini zitatoka tu. Akikodolewa macho zinazidi. Shuleni hula peke yake. Watu husema hapendi wenzake, na si kweli hata kidogo: anatamani rafiki, ila hajui aanzie wapi, na wenzake humwigiza.

Makanga alipotaka tushuke, nilishaanza kukusanya mifuko. Wewe ukahamia kiti cha karibu naye. Hukumwambia anyamaze, wala hukumlazimisha akutazame usoni. Ulimwuliza tu, "Baba, hizo gari unazihesabu?"

Akakutajia namba ya kila gari tulilopishana nalo tangu Mamboleo. Ukasikiliza zote, mama. Zote! Tulipofika Kiboswa zile sauti zilikuwa zimepungua, na mimi nilikuwa nalia nikiangalia dirishani.

Mungu akubariki sana. Na mwanangu anasema nikuambie kwamba alikosea: lile lori la miwa lilikuwa KBZ, si KBX.